Urari wa Mchapo

Mtu anayeanzisha biashara ndogo ya kadi, bahasha na karatasi za barua zinazochapwa kwa herufi za risasi hazuiwi na kupanga herufi. Hilo lina kanuni zake, na mwenye subira hulipata. Wala hazuiwi na wino. Kinachomshika ni kazi ya katikati: herufi zimekwisha kufungwa ndani ya fremu, wino uko kwenye rola, karatasi imekatwa, lakini nakala ya kwanza inatoka upande mmoja umekolea na upande wa pili maneno yamefifia. Kazi ya kuurekebisha mchapo huo Waingereza huiita make-ready, Wafaransa mise en train, Wajerumani Zurichtung. Kwa Kiswahili, tafsiri inayokuja haraka ni matayarisho, nami siikubali. Matayarisho ni kukata karatasi, ni kusafisha rola, ni kufungua dirisha asubuhi. Istilahi tunayoihitaji itaje kile mchapaji anachokitafuta, yaani mgandamizo ulio sawa penye kila herufi. Naliita jambo hilo urari wa mchapo, na kazi ya kulitafuta, kuweka urari.

Urari hauji wenyewe, na sababu imo ndani ya mashine. Katika karakana ndogo za Marekani utakuta mara nyingi mashine za Chandler & Price, zilizotengenezwa Cleveland, Ohio, kuanzia miaka ya 1880. Uingereza wanaoanza hupenda Adana ya mezani, inayoendeshwa kwa mkono, ambayo toleo lake maarufu huchapa eneo la inchi 8 kwa 5. Zote mbili hufanya kazi kama kitabu kinachofungwa: upande mmoja zimesimama herufi, upande wa pili imewekwa karatasi, rola hupita zikapaka wino, kisha pande mbili hukutana. Zikikutana sambamba, na herufi zote zikiwa na kimo kimoja, hakuna la kurekebisha. Katika mashine iliyokwisha kutumika miaka mingi, na herufi zilizopita mikono mingi, hilo ni nadra.

Kimo cha herufi Uingereza na Marekani ni inchi 0.918, karibu milimita 23.3 kutoka mguuni hadi usoni. Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya bara zilikuwa na kimo chao, karibu milimita 23.56. Tofauti ni robo ya milimita tu, na mnunuzi wa herufi kuukuu asiyelijua hilo huleta nyumbani sanduku zuri la herufi zisizoweza kukaa fremu moja na zile alizonazo. Hata zenye kimo kimoja hazibaki hivyo. Madini yake ni risasi kwa wingi, pamoja na antimoni ya kuipa ugumu na bati la kuisaidia kutiririka ndani ya kalibu, lakini bado ni laini. Herufi zinazotumika sana hulika kabla ya nyingine. Herufi za mbao, zile kubwa za matangazo, nazo hulika, na baadhi hujikunja kwa unyevu.

Kuweka urari huanzia mezani, kabla mashine haijaguswa. Fremu hulazwa juu ya chuma au jiwe lililo sawasawa, herufi zikagongwa taratibu kwa kibao na nyundo ya mbao ili zote zikalie miguu yao, ndipo kabari zinazozibana ndani ya fremu zikazwe. Hapa pana hatari: kabari zikikazwa kupita kiasi, herufi za katikati huinuka kidogo, na mtu atahangaika na karatasi saa nzima akitafuta kosa lililo kwenye kabari.

Baada ya hapo ni matandiko. Nalitumia neno hili kwa zile karatasi zinazotandikwa nyuma ya kadi, chini ya karatasi ngumu iliyotiwa mafuta, ili kupokea mgandamizo. Mwenye busara huanza na matandiko machache, akaongeza karatasi moja moja. Akianza na mengi anaweza kuziponda herufi asizoweza kuzipata tena.

Nakala ya kwanza husomwa pande zote mbili. Mchapaji huigeuza, akaiweka penye mwanga wa ubavuni, akapitisha vidole nyuma yake. Palipobonyea sana panajulikana kwa kidole kabla ya jicho. Kisha huchukua penseli akazungushia sehemu hafifu, na ndani ya kila duara akabandika kiraka cha karatasi ya shashi, nyembamba kiasi cha sehemu moja ya elfu ya inchi. Palipo hafifu mno pana viraka viwili, cha pili kidogo kuliko cha kwanza, ili ukingo usionekane kwenye mchapo. Palipozidi hukatwa kwa wembe. Nukta, mkato na herufi iliyo peke yake mwisho wa mstari ndizo hasa za kukatiwa, kwa kuwa nguvu yote ya mahali pale huiangukia alama moja ndogo ikatoboa karatasi. Picha nzito au pambo jeusi lenye uso mpana hudai kinyume chake: nguvu ileile inapotawanyika juu ya eneo kubwa haitoshi, na pambo hutoka na madoa meupe.

Karatasi hiyo ya viraka huingizwa ndani ya matandiko, nayo lazima ikae mahali palepale ilipochapwa. Wachapaji wa zamani walitoboa kwa sindano matandiko yote pamoja, wakatumia matundu hayo kama alama. Kiraka kikihama milimita mbili kinainua herufi isiyokihitaji. Nakala nyingine huchapwa, hugeuzwa, hupapaswa, na viraka vingine huongezwa. Anayejifunza hushawishika kukatisha njia kwa kuongeza wino, kwa sababu herufi hafifu huonekana kama yenye njaa ya wino. Wino ukizidi hujaza matundu ya a na e, hutanda kandokando ya kila herufi, na kadi hukauka kwa shida. Naamini hapa ndipo ufundi unapoanza, mtu anapoweza kuutazama mchapo uliofifia akajua kama umekosa wino au umekosa nguvu.

Kwa nini urari? Aliyesoma ushairi shuleni analijua neno hili kutokana na urari wa vina na mizani: mishororo yote kulingana kwa sauti na kwa hesabu. Aliyefanya biashara analijua kutokana na vitabu vya hesabu, ambako pande mbili lazima zilingane. Maana zote mbili ninazitaka. Usawazishaji ungefaa kwa tendo, lakini haulitaji lile linalotafutwa, na fundi huhitaji jina la hali anayoilenga ili ajue lini aache. Viraka vya shashi havina mwisho kwa mtu asiyejua urari ukoje.

Pwani yetu ina historia ndefu na kazi hii. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilikuwa na mashine ya chapa Unguja tangu miaka ya 1860, na Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili na baadaye akawa askofu, alichapa huko. Sultani Barghash naye aliweka matbaa yake, ikatoa vitabu vya Kiarabu. Baadaye Kipalapala, Tabora, kilitoka kizazi kizima cha vitabu vya Kiswahili. Kutokana na historia hiyo tuna matbaa, mpanga chapa, mpiga chapa, prufu. Maneno haya yanataja mahali, watu na karatasi, si kazi hii ya katikati. Viraka vya ndani ya matandiko viliwekwa na mikono ya mafundi wetu pia, na ni haki vipate jina.

Wapo watakaosema urari umepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi wateja wanataka kadi iliyobonyezwa kwa kina. Zamani mchapo bora uliigusa karatasi kidogo tu, nyuma pasionekane kitu, maana karatasi ilichapwa pande zote na herufi zilitakiwa zidumu. Ladha imegeuka, na jarida la Martha Stewart Weddings, lililoanza katika miaka ya 1990, mara nyingi hutajwa miongoni mwa vyanzo vya mageuzi hayo. Mabamba ya plastiki yanayotengenezwa kwa mwanga yameruhusu kina hicho bila kuharibu risasi, na karatasi nene ya pamba, yenye gramu 300 hata 600 kwa mita ya mraba, inakipokea vizuri. Ulaini wa pamba husamehe makosa madogo, ni kweli. Lakini jina lililobonyea sana kushoto na kidogo kulia huonekana kwa yeyote anayeishika kadi, na mashine ya mezani haina nguvu ya kulazimisha kina pale ambapo urari haupo.

Mtihani mkubwa zaidi ni bahasha. Bahasha iliyokwisha kubandikwa ina maungio: mahali pana karatasi mbili, mahali tatu, mahali nne. Anwani ikiangukia juu ya ungio, nusu ya mstari itabonyea na nusu itakosa. Hapo matandiko hukatwa kwa umbo la maungio yenyewe, kinyumenyume, palipo nene pawe pembamba. Wengi hukwepa kwa kuchapa kwenye mfuniko ukiwa wazi, au kununua bahasha ambazo hazijakunjwa.

Maana ya pili ya urari inaingia hapa, ile ya hesabu. Mteja anayetaka kadi 50 hushangaa kuambiwa bei isiyo mbali na ya kadi 200. Kilichobadilika ni karatasi na dakika za kuendesha mashine. Urari ni uleule. Oda ya harusi yenye kadi ya rangi mbili, kadi ndogo ya majibu ya rangi moja na bahasha ni urari mara nne, kwa kuwa kila rangi hupita peke yake na kila mpito hudai viraka vyake, pamoja na karatasi za ziada zitakazoharibika njiani. Anayepanga bei kwa kuhesabu kadi tu hupata hasara kwenye oda ndogo, nazo ndizo anazopata anayeanza. Heri ankara iwe na mstari wake: urari, mara nne, kiasi fulani, kando ya karatasi na uchapaji. Mteja akiuliza, aonyeshwe karatasi ya viraka. Karatasi hiyo baadaye hutunzwa pamoja na bamba lake, ili oda ikirudiwa kwenye mashine ileile na karatasi ileile, kazi ianzie pale ilipoishia na bei ya mstari huo ipungue.