Njia Mbili Hazitoshi: Kinga za Ruta Zinazotumia BGP

TAASISI ya Nakuru, Njoro au Naivasha inaponunua intaneti kutoka kwa kampuni mbili, huamini kwamba moja ikizimika nyingine itashika zamu. Matumaini hayo hutimia tu iwapo ruta zake zimeandaliwa ipasavyo.

Kazi ya kuchagua njia huachiwa BGP, itifaki ambayo mitandao ya dunia hutumia kuarifiana ni anwani zipi zinazofikika kupitia kwa nani. Kila mtandao humtangazia jirani anwani zake, naye jirani huzipitisha mbele. Udhaifu wake ni kwamba, kwa asili, jirani huaminiwa bila kudaiwa ushahidi.

Hata hivyo, swali la kwanza ni la ardhi wala si la ruta. Machi 2018, ufa mkubwa ulikata barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok. Aprili 2024, mafuriko yaliua makumi ya watu karibu na mji huo huo wa Mai Mahiu. Nyaya mbili za faiba zilizofukiwa kando ya barabara moja ni njia moja yenye ankara mbili. Baharini nako mambo ni yayo hayo: Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota nchini Kenya.

Njia zikishatenganishwa, ruta ziwezeshwe kugundua hitilafu mapema. Aghalabu ruta hutumiana salamu kila baada ya sekunde 60, na jirani huhesabiwa amezimika akinyamaza kwa sekunde 180. Itifaki saidizi ya BFD hupunguza muda huo hadi chini ya sekunde moja. Lakini isikazwe mno pale ambapo kiungo ni cha redio kutoka mlingotini: mvua kubwa huweza kukifanya kife na kufufuka kila mara, hali inayokera kuliko kukatika kabisa.

Kuhusu usalama, mfano maarufu ni wa Februari 24, 2008. Pakistan ilitaka kuifunga YouTube ndani ya mipaka yake. Kampuni ya Pakistan Telecom ikatangaza anwani 256 zilizokuwa za YouTube, na tangazo likavuja kupitia kampuni moja ya Hong Kong. Kwa kuwa ruta hupendelea fungu dogo la anwani kuliko kubwa, YouTube ilitoweka kwa takriban saa mbili karibu kote duniani.

Kwa hivyo mteja achuje matangazo yake: atoe anwani zake tu, asimpitishie jirani mmoja njia alizopewa na mwingine, la sivyo ofisi ya Nakuru itageuka daraja la wageni. Jirani naye awekewe kikomo cha idadi ya njia, pamoja na nywila. Nywila, lakini, huzuia mdukuzi kujifanya jirani. Haizuii jirani halisi kukosea.

Pengo hilo huzibwa kwa kiasi na RPKI, mfumo wa vyeti unaotolewa Afrika na AFRINIC iliyoko Mauritius. Cheti hutaja ni mtandao upi ulioidhinishwa kutangaza anwani fulani, ila hakithibitishi njia nzima.

Baada ya hayo yote, waya wa kampuni moja ung'olewe usiku wa Jumapili, kisha wa pili, na mtu aliye nje ya mtandao huo aseme kama bado anaufikia.