Maua ya rangi Maili Moja: yapi yanahimili jua, mchanga na mgao wa maji

Mche wa maua ukifa Maili Moja, Kibaha, mara nyingi tatizo lilianza siku ya kununua. Mtu ameona picha Instagram, amepita kwenye kitalu, amelipa, amebeba mche kwenye bodaboda. Wiki tatu baadaye kimebaki kijiti.

Maili Moja siyo Arusha. Ipo kando ya Barabara ya Morogoro, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari haufiki mita 200. Jua ni kali, usiku hakuna baridi ya maana, na viwanja vingi vina udongo wa kichanga unaopitisha maji haraka. Mvua ni za misimu miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Katikati hapo ni ndoo na mpira wa maji.

Na maji yenyewe hayana uhakika wa kila siku. Oktoba 2022 DAWASA ilitangaza mgao baada ya maji ya Mto Ruvu kupungua, na Kibaha inategemea mto huohuo. Kwa hiyo kabla hujauliza ua gani linapendeza, uliza linakunywa kiasi gani.

Piga hesabu kidogo. Bustani ya mita 10 za mraba ikimwagiliwa vizuri hula kama lita 100 kwa mara moja, yaani ndoo tano za lita 20. Ukimwagilia mara tatu kwa wiki ni ndoo 15. Kama maji unanunua kwa muuza maji, hiyo ni hela.

Anza na bogenvilia

Ukitaka rangi nyingi kwa maji machache, hakuna ua linaloishinda bogenvilia. Asili yake ni Amerika Kusini, lakini Pwani imekuwa kama kwao. Ipo ya zambarau, pinki, nyekundu, chungwa na nyeupe.

Ile rangi unayoiona siyo ua. Ni majani yaliyogeuka rangi; ua lenyewe ni kile kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki kadhaa bila kunyauka wakati maua mengine yanadondoka ndani ya siku moja au mbili.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokwama. Bogenvilia ikimwagiliwa kila siku na kurundikiwa mbolea, inatoa majani mabichi matupu. Inachanua vizuri ikipata jua la kutosha, saa sita au zaidi kwa siku, na kiu kidogo. Mche mpya unahitaji maji ya mara kwa mara miezi miwili, mitatu ya mwanzo. Ukishashika, mwagilia udongo ukikauka kabisa. Kama yako ina miaka miwili na haijawahi kuchanua, punguza maji kabla ya kuilaumu.

Tena huhitaji kununua miche mingi. Kata tawi lililokomaa lenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, toa majani, chomeka kwenye kiriba chenye mchanga uliochanganywa na mboji, weka kivulini. Chomeka matano au sita, maana si yote yatakayoota. Siku ya kuhamishia ardhini, chana kiriba taratibu na uteremshe mche pamoja na udongo wake. Mizizi yake ni mwororo. Ukiikung'uta udongo, umeiua.

Ina miiba, kwa hiyo isikae kwenye njia ya watoto. Ukutani au juu ya geti ndiyo mahali pake.

Mengine yanayofaa

Vinka, yale maua madogo ya pinki, meupe na mekundu yanayoota hata kwenye nyufa za saruji, yanapuuzwa kwa sababu ni ya bei rahisi. Ni kosa. Yanapenda jua, yanapenda mchanga, yanachanua karibu mwaka mzima, na yanajiotesha yenyewe. Kinachoyaua ni maji kutuama. (Mmea huu umetoka Madagaska, na ndani yake ndimo zilipopatikana vinkristini na vinblastini, dawa zinazotumika kutibu aina kadhaa za saratani. Hiyo ni kazi ya viwandani. Usiuchemshe nyumbani, una sumu.)

Kwa mwenye haraka kuna zinia na kosmosi. Unapanda mbegu mvua zikianza, na ndani ya miezi miwili hivi una maua ya njano, chungwa, nyekundu na pinki. Yakimaliza, acha vichwa vikauke, kusanya mbegu, panda msimu unaofuata. Marigoldi nayo ni hivyohivyo, na ina faida ya ziada kwa mwenye nyanya au mchicha nyuma ya nyumba: mizizi yake husaidia kupunguza minyoo fundo kwenye udongo.

Haibiskasi inatoa maua makubwa na inakua haraka kuwa uzio. Ila mbuzi wa jirani wanaipenda, na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, wanaipenda zaidi. Ukiwaona mapema, wapige kwa maji yenye kasi au kata tawi lililoathirika ulichome. Alamanda ya njano na iksora nyekundu zinafaa pia, japo iksora inataka udongo wenye rutuba kuliko hizo nyingine.

Asumini haina rangi zaidi ya nyeupe, lakini nyumba ya Pwani bila harufu yake jioni inakuwa kama pilau bila binzari nyembamba. Panda mmoja karibu na dirisha.

Waridi ndilo linalokula hela za watu. Mashamba makubwa ya waridi nchini yalianzishwa maeneo ya baridi kama Usa River na Tengeru, mkoani Arusha, na sababu ni hali ya hewa. Kibaha linaota, lakini maua yanakuwa madogo, majani yanapata madoa, na linadai uangalizi kila wiki. Ukilitaka sana, weka mche mmoja mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Lantana, ile yenye vishada vya rangi mbili tatu, acha kabisa. Inapendeza, lakini ndege wanasambaza mbegu zake na imeshageuka gugu linalovamia malisho na misitu Afrika Mashariki.

Udongo kwanza

Chimba shimo la futi moja, jaza maji, subiri yaishe, kisha jaza tena. Maji ya pili yakipotea ndani ya dakika chache, una mchanga. Yakibaki saa nzima na zaidi, una mfinyanzi, na hapo panda juu ya tuta ili mizizi isioze.

Kwenye mchanga, changanya debe moja la samadi iliyooza kwa kila shimo la mche mkubwa. Kibaha wafugaji wa kuku ni wengi, kwa hiyo mbolea ya kuku inapatikana. Tatizo watu wanaitoa bandani leo na kuimwaga kwenye maua leo. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi. Irundike, ilowanishe, igeuze mara kwa mara, na usiitumie mpaka ipoe na ile harufu kali iishe.

Halafu funika udongo kwa majani makavu au nyasi, ukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina. Unyevu utakaa muda mrefu zaidi na ndoo zitapungua. Mwagilia asubuhi au jioni, kwenye shina siyo kwenye maua, na ni bora maji mengi mara chache kuliko kunyunyiza kila siku. Maji ya kusuuzia nguo yanaweza kutumika, isipokuwa yenye jiki.

Sumu, barabara na mbu

Kitalu hakitakwambia usipouliza. Oleanda, yenye maua ya pinki au meupe na majani membamba, ina sumu kwenye kila sehemu yake na inashambulia moyo. Matawi yake yakikatwa na kutupwa nje, mbuzi akila anaweza kufa. Adeniamu, yenye shina nene kama chupa, ni mmea wa asili wa Afrika Mashariki unaovumilia ukame kuliko karibu yote, ila utomvu wake umetumika tangu zamani kwenye mishale ya sumu. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, iweke juu asikofika au iache.

Wenye nyumba karibu na barabara kuu, msijenge bustani ya kudumu nje ya uzio. Upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha ulitanguliwa na bomoabomoa ya mwaka 2017 kwenye hifadhi ya barabara. Ua la kwenye ndoo linahamishika.

Ndoo na makopo hayo toboa chini. Visahani vya kupokea maji vimwage na kuvisugua angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mbu aina ya Aedes, anayeeneza dengi, hutaga kwenye maji machache kama hayo. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kibaha kuna kiwanda kinachotengeneza viuadudu vya kibaiolojia vya kuua viluwiluwi wa mbu, lakini kwa kisahani cha maua, kukimwaga kunatosha.