Saa ya Malkia Aliyekatwa Kichwa

Hebu fikiria, msomaji: unaambiwa uitengeneze upya saa ambayo hujapata kuishika, na yenyewe imeibwa. Ndivyo walivyoambiwa mafundi saa wa kampuni ya Breguet, Uswisi, na tajiri wao Nicolas Hayek.

Saa hiyo ni namba 160. Iliagizwa mwaka 1783 kwa Abraham-Louis Breguet wa Paris, kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette. Masharti: iwe na kila ufundi uliojulikana, dhahabu ichukue nafasi ya chuma popote inapowezekana, na muda na gharama visihesabiwe. Basi kazi ikaenda kweli polepole! Malkia alikatwa kichwa mwaka 1793, Breguet akafa 1823, saa ikamalizika 1827.

Ina vipande 823. Hujijaza yenyewe mvaaji akitembea, hugonga saa, robo na dakika, kalenda yake inaijua Februari ya mwaka mrefu, na kipimajoto kimo humo humo. Aprili 1983 mwizi aliingia usiku katika jumba moja la makumbusho, Jerusalem, akatoweka nayo pamoja na saa nyingine zaidi ya 100.

Mafundi wakabaki na michoro ya kale, picha, na maandishi ya watu kama Mwingereza George Daniels, aliyeichunguza kabla ya wizi. Lakini picha ni picha tu. Inaonyesha gurudumu la juu, lililojificha chini yake halionekani. Mchoro unakupa umbo la springi, haukwambii ukakamavu wake, wala meno ya gurudumu yanaingiaje kwenye meno ya mwenzake. Halafu fundi wa zamani alipiga tupa kipande mpaka kikubaliane na jirani yake. Vipimo vingine vilikaa vidoleni mwake, vikazikwa naye. Mashine za leo zinakata kwa usahihi wa ajabu, sawa, lakini zikate nini ikiwa kipimo chenyewe hukijui? Ikabidi wachunguze saa nyingine za enzi ile, waujue mkono wa Breguet. Sisi tunaojifunza kuandika kwa kuwaiga wakubwa tunaujua msoto huo.

Mwaka 2007 ikatangazwa: saa ya asili imepatikana! Mafundi hawakuacha. Mwaka 2008 nakala yao ikaonyeshwa Basel, ndani ya sanduku la mwaloni wa Versailles.

Nami nawaheshimu zaidi kwa jambo dogo: hawakuiita 160. Waliongeza tarakimu moja mbele, ikawa 1160.