Masikio Mawili, Spika Nne

Binadamu ameumbwa na masikio mawili. Kwa nini basi watu wahangaike na muziki wa spika nne, tano au zaidi? Swali hili limekwisha kula fedha za watu kwa zaidi ya miaka 50.

Desemba 1931, mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, aliomba kusajili uvumbuzi wake wa kunasa sauti kwa njia mbili, kushoto na kulia. Ulijaribiwa, kisha ukawekwa kando. Blumlein alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1942. Santuri za stereo zilikuja kuenea madukani kuanzia 1958.

Stereo iliweka waimbaji na ala mbele yetu, kila kimoja mahali pake. Lakini masikio hayo mawili husikia pia mtu anayetujia kwa nyuma. Hapo ndipo vijana wa Uingereza waliopiga ile roki iliyoitwa ya kimaendeleo walipoona pengo. Nyimbo zao zilikuwa ndefu, nyingine zikijaza upande mzima wa santuri, nao walitaka msikilizaji akae ndani ya muziki.

Mei 12, 1967, bendi ya Pink Floyd ilipiga katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London. Mpiga kinanda Richard Wright alikuwa na kisanduku chenye kijiti. Akikisukuma, sauti inazunguka ukumbi. Watu walipigwa na butwaa. Baada ya onyesho kisanduku kikaibwa!

Mwaka 1973 ikatoka santuri yao, The Dark Side of the Moon. Zile saa zinazolia kwa pamoja zilinaswa na fundi mitambo Alan Parsons kwa ajili ya majaribio ya sauti ya spika nne. Waandishi wa habari walipoalikwa kuisikia santuri hiyo London, matayarisho ya spika nne yalikuwa hayajakamilika. Wanabendi watatu kati ya wanne wakasusa.

Toleo la spika nne lilitoka baadaye, likakuta vita. Kampuni zilikuwa na mifumo inayogombana: SQ, QS na CD-4. Santuri ya mfumo huu haikulia ipasavyo katika mtambo wa mfumo ule. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mnunuzi alibaki na spika mbili za ziada na santuri chache za kuzilisha. Kabla ya miaka ya sabini kwisha, biashara ile ilikuwa imekufa.

Ikafufuka kwa mitambo ya dijitali. Mwaka 2003 santuri ile ile ilitolewa upya kwa spika tano na moja ya besi. Mwaka 2011 likarudishwa toleo la Parsons. Mwaka 2023 likaja jingine, lenye sauti za hata juu ya kichwa. Muziki ni ule ule, pochi inafunguliwa kila mara.

Sisemi ni ulaghai. Anayetaka kuzungukwa na saa zile ana haki yake. Lakini mamilioni waliupenda muziki huo kwa spika mbili tu, na wengi wetu kwa kaseti na redio ya spika moja. Hawakusikia nusu ya muziki, walitulia wakausikiliza. Kabla hujanunua spika ya tano, jiulize kama zile mbili umewahi kukaa katikati yake, ukazima televisheni, ukasikiliza mpaka mwisho.