Morogoro: Maombi na dawa ya afya ya akili si maadui

Mtu akianza kusikia sauti, kujifungia ndani au kukesha siku nyingi, familia nyingi hukimbilia kwanza kanisani. Hilo si kosa. Shida inaanza pale mgonjwa anapoambiwa aache dawa kwa sababu ameshaombewa. Dawa zikikatwa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Kanisa na tiba vimeshirikiana siku nyingi. Lutindi, Korogwe, wamisionari wa Kiprotestanti walifungua kituo cha watoto waliookolewa utumwani mwaka 1896. Tangu 1904 kinapokea wagonjwa wa akili. Ni hospitali hadi leo, na mgonjwa hupewa dawa pamoja na kazi za mikono.

Mkoani Morogoro kwenyewe, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge karibu mwaka 1960, penye misheni ya Kikatoliki. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, lakini wagonjwa walikuwa wakitengwa, watu wakiogopa kwamba mate yao yanaambukiza. Walipopata dawa, wengi walipungukiwa na degedege.

Serikali nayo ilifuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Morogoro na Kilimanjaro ndiyo mikoa iliyojaribu mpango wa taifa wa afya ya akili, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Lengo: mgonjwa atibiwe kwenye zahanati ya karibu, siyo lazima asafirishwe hadi Mirembe, Dodoma.

Kanisa linaweza kufanya nini?

• Mchungaji, padri au katekista ajue dalili, na ampeleke mgonjwa kituo cha afya. Kwa Moro mjini, ngazi ya juu ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

• Aombewe huku akiendelea na dawa. Anayebadilisha dozi ni mtoa huduma wa afya tu.

• Jumuiya ndogo ndogo zimtembelee, zimkumbushe kliniki, zichange nauli.

• Asifungwe kamba wala kupigwa kwa jina la kutoa pepo.

Na mtu akisema anataka kufa, usisubiri ibada ya Jumapili. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Mchungaji anaweza kuongozana naye.