Laini moja, ofisi nzima: jinsi modemu ilivyoziunganisha ofisi za Kampala na intaneti

Katika ofisi nyingi za Kampala miaka ya 1990, intaneti ilikuwa na sauti. Kijisanduku kilichowekwa kando ya simu kililia, kikakoroma, kikapiga mluzi, kisha kikanyamaza, na ukimya huo ndio uliokuwa habari njema: laini imeshika. Kuanzia hapo kila dakika ilihesabiwa na shirika la simu, awe mtu anasoma barua au ameketi tu akisubiri ukurasa ufunguke.

Kijisanduku hicho ni modemu. Waya wa simu uliwekwa kwa ajili ya maneno ya watu, si data ya kompyuta. Kwa hiyo modemu huigeuza data kuwa sauti, sauti hiyo hupita katika waya hadi kwa mtoa huduma, na huko modemu nyingine huigeuza kuwa data tena. Kwa kompyuta moja, jambo hilo ni jepesi. Ugumu ulianza pale ofisi yenye kompyuta kumi ilipotaka zote ziingie katika intaneti, ilhali laini ya simu ni moja.

Kupata laini ya pili hakukuwa jambo la kawaida. Wakati huo huduma ya simu ilikuwa mikononi mwa Shirika la Posta na Mawasiliano ya Simu la Uganda, UPTC, na nchi nzima ilikuwa na chini ya laini moja kwa kila watu 100. Sehemu kubwa ya laini hizo ilikuwa Kampala, lakini hata humo ofisi nyingi ziliendesha simu, faksi na modemu kwa waya uleule. Faksi ikiingia, barua pepe zilingoja. Mkurugenzi akiinua mkono wa simu katika chumba cha pili, mawasiliano yalikatika na kazi ikaanza upya.

Waliotangulia walilikabili tatizo hilo kwa kutokaa kwenye laini kabisa. Mwanzoni mwa miaka hiyo, Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo cha barua pepe kilichojulikana kwa jina la MUKLA, na miongoni mwa waliokiendesha alikuwa Charles Musisi, ambaye baadaye alisimamia kikoa cha Uganda, .ug, kilichoanzishwa mwaka 1995. Kituo hicho kilitumia FidoNet, mfumo uliobuniwa na Mmarekani Tom Jennings mwaka 1984. Mtu aliandika ujumbe wake laini ikiwa imefungwa. Ujumbe ulihifadhiwa pamoja na wa wenzake, ukafungwa kuwa furushi moja dogo, kisha modemu ikapiga simu mara moja, ikakabidhi furushi, ikapokea lililotoka ng'ambo na kukata. Kupitia mradi wa ESANET, Makerere iliunganishwa kwa njia hiyo na vyuo vikuu vya Kenya, Tanzania, Zambia na Zimbabwe.

Anwani za MUKLA ziliishia kwa herufi gn.apc.org, yaani zilikuwa chini ya GreenNet, shirika la London lililopokea barua hizo na kuzipeleka katika intaneti ya dunia. Barua iliyoandikwa Makerere asubuhi haikufika papo hapo, na jibu liliweza kuchukua siku nzima. Hata hivyo, kwa mtu aliyezoea kungoja bahasha ya ndege kwa majuma kadhaa, hilo halikuwa jambo la kulalamikia.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni kama Infomail, Starcom na Swift Global zilikuwa zikiuza huduma Kampala. Sasa ofisi iliweza kupiga simu ya mjini, kutoa jina na neno la siri, na kuingia moja kwa moja. Bili zikawa mbili: ada ya mtoa huduma, na gharama ya simu kwa muda wote laini ilipokuwa wazi.

Hapo ndipo swali la kugawana laini lilipokuja kwa uzito. Mtoa huduma alimpa kila mpigaji anwani moja tu ya intaneti, na anwani hiyo iliweza kubadilika kila simu ilipopigwa upya. Kompyuta kumi zingetumiaje anwani moja? Jibu halikuwa geni kwa mtu yeyote aliyefanya kazi Kampala, mji ambao barua hazipelekwi mlangoni. Ofisi nzima ina sanduku moja la posta. Dunia ya nje inalijua sanduku hilo tu. Aliye ndani ndiye anayejua barua hii ni ya mhasibu na ile ni ya meneja.

Kompyuta moja, ile iliyounganishwa na modemu, ilifanywa kuwa tarishi. Nyingine ziliunganishwa nayo kwa nyaya za mtandao wa ndani, nazo zikapewa anwani za ndani zisizotumika popote nje. Mwaka 1996 mafungu ya anwani za aina hiyo yalitengwa rasmi, na mojawapo linajulikana hadi leo kwa mwanzo wake: 192.168. Mhasibu alipoomba ukurasa, ombi lilifika kwa tarishi. Tarishi alilitia anwani ya ofisi, akakumbuka nani ameomba, akalituma, na jibu liliporudi akalipeleka kwenye meza iliyostahili. Wengine walitumia programu ya wakala iliyofanya kazi inayokaribiana na hiyo na pia kuweka akiba ya kurasa zilizokwisha kufunguliwa, ili mtu wa pili asizilipie tena. Mafundi waliopenda Linux waliunda tarishi wao kwa kompyuta kuukuu. Windows 98 ilipotolewa katika toleo la pili mwaka 1999, uwezo huo ulikuja ndani yake, na karani mwenye subira aliweza kuuwasha mwenyewe.

Kasi haikuongezeka kwa kugawana. Modemu za mwisho wa miaka ya 1990 ziliandikwa 56,000, yaani biti 56,000 kwa sekunde, lakini kasi hiyo ilihitaji laini safi na mitambo ya kidijitali upande wa mtoa huduma. Wauzaji walitaja 56,000. Fundi mwaminifu alitaja 28,800. Kwa kasi hiyo ya pili, laini hubeba baiti 3,600 kwa sekunde, na faili la megabaiti moja huchukua karibu dakika 5 iwapo hakuna mwingine anayetumia. Watu kumi wakiomba kwa pamoja, faili hilohilo linakaribia dakika 50. Ndiyo maana ofisi zilizojipanga vizuri zilirudia busara ya Makerere: barua ziliandikwa mchana, zikakusanywa kwenye seva ya ofisi, zikaondoka kwa mkupuo kwa saa zilizopangwa. Kufungua kurasa kulibaki kwa mwenye shughuli maalumu.

Mtego mkubwa zaidi haukuonekana kwa macho. Ili kuokoa fedha, tarishi alipangwa apige simu mwenyewe pale tu kompyuta fulani ilipoomba kitu cha nje, na akate baada ya dakika chache za ukimya. Mpango ulikuwa mzuri, ila kompyuta huomba mambo ambayo hakuna mtu aliyeziagiza. Mashine ya Windows iliyoachwa ikiwaka ilitafuta majina ya wenzake kila baada ya muda. Isipoyapata ndani, iliuliza nje. Kwa tarishi, swali ni swali. Alipiga simu, akauliza, hakupata jibu la maana, akakata, na baada ya robo saa akapigishwa tena. Ofisi ilikuwa imefungwa, mlinzi amekaa langoni, na modemu inapiga simu usiku kucha. Mwisho wa mwezi mhasibu alipokea bili ambayo hakuna aliyeweza kuieleza, na mara nyingi aliyeshukiwa kwanza alikuwa mfanyakazi wa zamu, mtu asiye na hatia.

Dawa yake ilikuwa ya kiufundi na ya kawaida kabisa: tarishi kujibu maswali ya majina mwenyewe kutoka katika kumbukumbu yake, kuzuiwa kupiga simu kwa maswali ya aina hiyo, na kuandika katika daftari lake kila simu aliyopiga pamoja na saa na sababu. Daftari hilo ndilo lililomaliza ugomvi. Ofisi zilizoshindwa yote hayo ziling'oa tu waya wa modemu ukutani kila jioni, na hilo nalo lilifanya kazi.

Kung'oa waya kulikuwa na faida nyingine. Kampala, karibu na Ziwa Victoria, ni miongoni mwa miji yenye radi nyingi sana. Watu walizoea kuzima umeme mawingu yanapokusanyika, wakasahau kwamba waya wa simu nao hupita nje juu ya nguzo. Radi iliyopiga mbali iliweza kuingia kwa njia hiyo, ikaunguza modemu na wakati mwingine kompyuta nzima, ingawa swichi ya umeme ilikuwa imezimwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na mambo madogo ya kila siku: modemu iliyonunuliwa ng'ambo iligoma kupiga kwa sababu haikuutambua mlio wa laini ya hapa, mpaka ilipopewa amri fupi ya X3 inayoiambia ipige bila kuusubiri.

Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1997 iliivunja UPTC na kuzaa Uganda Telecom, Posta Uganda na benki ya posta, pamoja na tume ya kusimamia sekta hiyo. MTN iliingia mwaka 1998, simu za mkononi zikaenea, na mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilizofika pwani ya Afrika Mashariki zilianza kuondoa utegemezi wa setilaiti. Mlio wa modemu ukatoweka ofisini. Tarishi hakutoweka. Yumo ndani ya ruta za nyumbani, na yumo katika simu ya mkononi inayogawa intaneti kwa wenzake watatu chumbani Kisenyi: anwani moja nje, za 192.168 ndani, na mwenye simu akiuliza kila mara ni nani anayemmalizia kifurushi.