Usalama wa Vyombo vya Majini ni Suala la Kijamii

Wahenga walisema ajali haina kinga. Msemo huu huwaliwaza wafiwa, lakini ukigeuzwa kuwa falsafa ya kuendesha vyombo vya majini huwa ni kasumba, kwani huficha maamuzi ya binadamu. Historia inatufundisha vingine.

Katika Uingereza ya karne ya 19, mwenye meli aliweza kuikatia meli mbovu bima kubwa, akaijaza shehena kupita kiasi na kuipeleka baharini. Ikifika alipata faida. Ikizama alilipwa bima. Meli hizo ziliitwa majeneza. Baharia aliyekwisha kutia saini mkataba, kisha akakataa kuipanda, aliweza kufungwa jela. Sheria ililinda mali dhidi ya uhai.

Mwaka 1873 Samuel Plimsoll, Mbunge wa Derby, alichapisha kitabu kuufichua unyama huo. Mwaka 1875, Serikali ya Disraeli ilipouweka kando muswada wa usalama wa meli, aliwashutumu kwa hasira bungeni wenye meli, na umma ukamuunga mkono. Sheria ya 1876 ililazimisha alama ya kikomo cha shehena ichorwe ubavuni mwa meli, lakini ikamwachia mwenye meli aamue ichorwe wapi! Ilichukua miaka 14 mingine, hadi 1890, mahali pa alama kuamuliwa na sheria. Alama ile ni matunda ya mapambano, si ya ufundi peke yake.

Je, umilikaji wa umma unatosha? Hapana. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, mali ya umma, kilipinduka karibu na gati la Ukara kikitokea Bugolora, siku ya gulio. Kiliruhusiwa kubeba abiria 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Hapa hapakuwa na bepari aliyevizia bima. Palikuwa na wananchi waliokitegemea kivuko hicho kurudi nyumbani, na mazoea tunayoyajua sote magatini: kumzuia abiria wa mwisho huonekana ni ukatili, na anayehoji huambiwa ana mkosi.

Hivyo basi, jukumu letu ni kuhakikisha visiwa vinapata vyombo vya kutosha, kumlinda nahodha anayekataa kung'oa nanga chombo kikijaa, na kuwaelimisha wananchi kwamba kuhesabiwa kabla ya safari ni haki yao, si usumbufu. Pasipo hayo matatu, alama ubavuni itabaki kuwa rangi tu.